Karata za maneno: shajara ya mradi, Buzuruga, Mwanza

Oktoba, mwanzoni

Mradi wenyewe ni huu. Natengeneza karata za kufundishia maneno ya Kiingereza, kila karata inabeba ukoo mmoja wa maneno yaliyotoka kwenye mzizi mmoja wa Kilatini, lugha ya Warumi wa kale, kwa ajili ya madogo waliomaliza la saba mwezi uliopita na Januari wanaingia fomu wani. Wenye watoto mnajua ilivyo, miaka saba dogo anasoma hesabu kwa Kiswahili, sayansi kwa Kiswahili, afu anavuka geti la sekondari baiolojia inaanza kuongelea transport in plants na yeye anakariri tu bila kujua anachokisema. Kukariri sipingi, mimi mwenyewe nimefika chuo kwa kukariri, ila neno moja moja utakariri mpaka lini? Ukimpa mzizi anapata maneno sita kwa pamoja, ndo hesabu yangu.

Vifaa: manila za rangi, makapeni, gundi, na makatoni ya sabuni niliyoyapata kwa mama mdogo. Darasa ni kibaraza cha nyuma ya nyumba. Mimi nina digrii ya ualimu nasubiri ajira, kwaiyo tuisheni ndo ofisi kwa sasa.

Sheria ya kwanza ya mradi nimeiandika ukutani kabisa: karata haianzi na Kilatini. Inaanza na neno ambalo dogo analo tayari mdomoni kwa Kiswahili, awe analitumia nyumbani au sokoni au kwenye simu. Ukimwanzishia na portare anakuona unamletea somo jingine juu ya yale aliyonayo. Ukimwanzishia na ripoti anakaa vizuri maana ripoti ya shule anaijua, wengine wanaijua mpaka kwa fimbo.

Oktoba, karata ya RIPOTI imeisha

Mzizi ni portare, kubeba. Re ni kurudi, kwaiyo report ni kubeba habari kuzirudisha kule ulikotumwa. Chini yake zimeshuka import kubeba kuingiza ndani, export kubeba kutoa nje, transport kubeba kuvusha ng'ambo, deport kumbeba mtu kumwondoa, support kubebea kwa chini yani kuegemeza, portable kinachobebeka. Mifano sikwenda mbali, minofu ya sangara inayotoka viwandani hapa mjini kwenda Ulaya hiyo ni export, mabehewa yanayopandishwa MV Umoja pale bandari ya Mwanza Kusini yakavushwa mpaka Port Bell Uganda hiyo ni transport, sasa hapo hata yule anayekaa nyuma anayechoraga magari akanyanyua kichwa.

Dogo mmoja akauliza "Ticha na important nayo ni kubeba?" Ndio. Importare ni kuleta ndani, baadae ikawa kuleta matokeo, kitu kizito chenye maana. Nimeiongeza pembeni kwa makapeni nyekundu.

Kitu kilichowaingia haraka kuliko nilivyotegemea ni hili la kiambishi kukaa mbele. Sisi kitenzi tunakichezea nyuma: beba, bebwa, bebea, bebesha, bebeana. Mroma anachezea mbele, na kiambishi chake mara nyingi kinaonyesha upande, ndani, nje, chini, ng'ambo, kurudi. Nikawagawa makundi mawili, moja linavuta mkia wa beba, lingine linabadilisha kichwa cha port, wakapiga kelele mpaka jirani akachungulia. Kwa mtoto ambaye lugha yake ya kwanza ni Kisukuma afu Kiswahili, wazo la mzizi mmoja kuzaa halihitaji kufundishwa, analo toka utotoni, anachokosa ni kuambiwa kwamba Kiingereza nacho kina tabia hiyo kwa haya maneno yake ya kuazima.

Oktoba, bado ripoti: bandari

Swali la lazima lilikuja, na port yenyewe, bandari, si ndo hiyo hiyo? Hapana. Ndani ya Kilatini ni maneno mawili tofauti, portare kubeba na portus bandari. Nimewafungulia karata yao ya peke yake, juu imeandikwa PASIPOTI, maana passport ilikuja kupitia Kifaransa, kupita bandarini.

Ila humo ndani nimekuta neno nililolipenda kuliko yote ya mradi huu mpaka sasa, opportunity. Warumi walikuwa na msemo wa mabaharia, ob portum, kuelekea bandarini, upepo unaosukuma chombo kuelekea bandarini ukaitwa opportunus, upepo wa wakati wake, na kutoka hapo ikawa kila jambo lililokuja kwa wakati wake. Sikuhitaji kueleza zaidi. Madogo wa huku wengine baba zao wako ziwani na wanajua mchana upepo unatoka ziwani unakuja nchi kavu, mwenye tanga anausubiri huo arudi. Mmoja akasema kwao Igombe mtu akikosa huo upepo anapiga kasia mpaka mikono inawaka. Nikamwambia huyo kakosa opportunity. Wamelishika moja kwa moja.

Oktoba inaisha, mvua, somo la herufi mbili

Hii sikuipanga iwe karata lakini imekuwa. Kwenye imla wanaandika suport, oportunity, wanaandika inport. Kila mwalimu anasema "kariri spelingi" na hakuna anayesema kwa nini. Sababu ipo na inaelezeka kwa dakika tano: kiambishi kinagusana na mzizi, sauti inajirekebisha. Sub inakutana na portare, b inageuka p, kwaiyo p zinakuwa mbili, support. Ob inakutana na portus, hivo hivo, opportunity. In inakutana na p, midomo tayari inajiandaa kufunga kwa ajili ya p, n inakuwa m, import. Ikikutana na l inakuwa il, illegal. Ikikutana na r inakuwa ir, irregular. (Ziko in mbili, ya ndani na ya kukanusha, ila kwenye kujirekebisha zote tabia moja.) Com, ya pamoja, nayo inakuwa col na cor, collect, correct, hizo l mbili na r mbili hazikuwekwa kwa bahati mbaya.

Sasa utamu ni kwamba Kiswahili kinafanya kitu hicho hicho kila siku na hakuna mtoto anayekosea. Nimewaandikia ubaoni: nyumba nzuri, nyumba mbaya, nyumba ndefu. Nikawauliza kwa nini hamsemi nyumba nbaya? Wakacheka. Kwa nini hamsemi nyumba nrefu? Kimya, afu mmoja akajaribu kuitamka nrefu kwa nguvu, ulimi ukakwama. Basi. N ya nzuri na m ya mbaya na nd ya ndefu ni kiambishi kile kile kimejirekebisha kwa sababu ya jirani yake. Mroma na mbantu mdomo ni ule ule, meno yale yale.

Kama ningeambiwa nibaki na kipande kimoja tu cha mradi mzima ningebaki na hiki. Imla ya Jumamosi iliyofuata inport haikuonekana.

Novemba, karata za haraka haraka

Kibaraza kinavuja, manila mbili zimelowa, nimeamua zilizoisha zikalaminetiwe. Kaka wa steshenari pale karibu na stendi ya Buzuruga ananipa bei ya ticha.

Nikiwa pale nasubiri nikatengeneza karata kichwani, STESHENARI. Stare ni kusimama, statio ni mahali pa kusimama, kwaiyo station. Na stationer wa zamani alikuwa muuzaji mwenye kibanda kisichohama, hasa wauza vitabu karibu na vyuo, tofauti na wale wa kutembeza. Yani mwenye fremu na machinga, ugomvi wa mitaa yetu wote umekaa ndani ya neno la kununulia kalamu. Humo zimeingia stage, statue, constant, distance, na status, ambayo madogo wote wanayo kwenye simu za mama zao.

HOSPITALI, HOSTELI, HOTELI. Hii ilijiuza yenyewe, maneno matatu yote ya Kiswahili cha kawaida, Bugando hospitali, hosteli za wanachuo Nyegezi, hoteli ya wali maharage hapo nje. Mzizi ni hospes, mgeni, na pia mwenyeji anayempokea, neno moja kwa watu wote wawili. Hospitali ilianza kama nyumba ya kupokea wageni na wasafiri, kuuguza wagonjwa kukashika nafasi yote baadae. Hosteli na hoteli ni neno moja lililopita Ufaransa mara mbili, mara ya kwanza likiwa na s yake, mara ya pili Wafaransa walishaacha kuitamka.

Hapo binti mmoja akauliza swali zuri, hawa Waingereza Kilatini walikisomea wapi? Nikamjibu kwa kifupi, kiliingia kwa milango kadhaa. 597 Agostino na wamisionari wenzake kutoka Roma walifika Kent wakaja na Kilatini cha kanisa. 1066 William wa Normandy akaiteka Uingereza, watawala wakawa wanaongea Kifaransa, na Kifaransa ni mtoto wa Kilatini. Halafu karne za baadae wasomi wakawa wanachota moja kwa moja vitabuni, ndo maana neno moja linaweza kuwa limeingia mara mbili kwa sura mbili, frail na fragile, royal na regal, poison na potion. Sisi wenyewe tuna shule kutoka kwa Mjerumani na Zanzibar wana skuli kutoka kwa Mwingereza, na zote baba yao ni schola ya Kilatini.

Novemba, EKSPAYA

Hii ni kwa ajili ya baiolojia. Kila mtu hapa anasema dawa imeekspaya, maziwa yameekspaya. Spirare ni kupumua. Ex nje, kwaiyo expire ni kutoa pumzi ya mwisho, kukata roho, ile s ya spirare imemezwa na x kwa sababu x tayari ina s ndani yake. Tukatoka na respiration, transpiration, perspiration, inspire, conspire. Ile fujo ya fomu wani ya kuchanganya respiration na transpiration nimewamalizia hapa: re, hewa inaenda na kurudi tena na tena, trans, mvuke unavuka kutoka kwenye jani kwenda nje. Sio maelezo kamili ya kisayansi, respiration ya kwenye seli ni kubwa kuliko kuvuta hewa na mwalimu wa baiolojia atawaeleza, lakini kwa kutofautisha majina inatosha kabisa. Conspire, kupumua pamoja, watu wanaonong'onezana vichwa vimekutana. Wameipenda kwa sababu ambazo sitaki kuzijua.

Novemba, mitego

Madogo wamepata kichaa cha kutafuta ndugu, kila neno linalofanana wanalileta. Nimeona bora kuwe na karata za mitego, kingo nyeusi, zinazosema HAWA SI NDUGU, maana mtu akishajua mizizi kidogo ndo anakuwa hatari kuliko asiyejua.

Wa kwanza ni stadium. Akaletwa kwenye karata ya kusimama kwa sababu Kirumba watu wanasimama kuangalia mpira. Hapana, stadion ni Kigiriki, kilikuwa kipimo cha urefu, futi 600 za kwao, na mbio za urefu huo, afu jina likahamia uwanjani. Na stendi ya mabasi je? Stand ni neno la Kiingereza chenyewe, la ukoo wa Kigermanik, ukoo mmoja na Kijerumani. Ukirudi nyuma zaidi ya Warumi, babu wa stand na stare anakutana, ila kwenye karata ya Kilatini haingii, huyo ni binamu wa mbali.

Wa pili ped. Pedeli ya baiskeli ni mguu, pes kwa Kilatini, pamoja na pedestrian na impede, ambayo asili yake ni kumfunga mtu miguu. Lakini pediatrician, daktari wa watoto, ni Kigiriki, pais ni mtoto. Mama wa mmoja wao ni nesi, kwaiyo hii ilipelekwa nyumbani kama ubishi na ikarudi imeshinda.

Wa tatu ndo kiboko, river na rival. Ukiangalia unaapa ni ndugu. River imetoka kwa ripa, ukingo wa maji, na kwenye ripa ndo kuna arrive, ad ripam, kufika ukingoni, yani zamani kuarrive ilikuwa ni mtumbwi kugusa nchi. Rival imetoka kwa rivus, kijito, rivales walikuwa watu wanaochota kijito kimoja, na unajua watu wa kijito kimoja wanavoishi. Mwenye mifugo yeyote kuanzia Magu mpaka Kwimba aliyewahi kungoja zamu lamboni wakati wa kiangazi hahitaji kamusi kwa rival. Derive nayo ni ya rivus, kuchepusha maji kutoka kijitoni, ndo hiyo ninayoifanya mimi na haya maneno.

Hizi karata za mitego zimechukua muda mwingi kuliko nyingine zote na naona ndo zinazofanya mradi uwe wa kweli.

Desemba, mama mdogo na karata

Mzazi mmoja kaja kuuliza kwa nini watoto wanacheza karata tuisheni. Nimemwonyesha, kaondoka akicheka. Ila kanipa wazo, nimetengeneza KARATA yenyewe. Wagiriki waliita khartes, Warumi wakachukua charta. Mreno akaleta carta, tukapata karata. Mwarabu aliichukua kwa njia yake, qirtas, tukapata karatasi. Mwingereza kaleta card, chart, carton, cartoon, tukapata kadi, chati, katoni, katuni. Katriji ya printa ya yule kaka wa steshenari nayo imo. Yani nakata katoni kutengeneza karata za makaratasi na vyote vitatu ni neno moja lililofika kwetu kwa majahazi tofauti.

Mama mdogo anauza kayabo pale Mwaloni, sangara wa chumvi wanaosafirishwa mpaka Kongo. Jioni alinikuta naandika karata ya sal, chumvi: salad, sauce, sausage, salary.

"Salary mshahara?"

"Ndio mama, salarium."

"Kwa hiyo mimi ninavyopaka samaki chumvi kutwa nzima nimeshalipwa."

Sina jibu. Ile stori ya askari wa Kirumi kulipwa kwa chumvi sijaiweka kwenye karata, inarudiwa sana lakini hakuna mwandishi wa enzi hizo aliyesema askari walikuwa wanapewa chumvi badala ya hela. Kwamba salarium imezaliwa na sal hilo liko wazi, basi nimeishia hapo. Sisi mshahara wetu umetoka kwenye mwezi wa Kiarabu, shahr, hiyo nayo nimeiandika pembeni kwa penseli.

Kilichomgusa zaidi ni KEPTENI. Caput, kichwa: captain, chief, chef, chapter, capital. Na cattle. Capitale ilikuwa mali ya mtu, mali ya vichwa, ikapita Ufaransa ikafika Uingereza ikiwa na maana ya mali yoyote, baadae ikabaki kwa ng'ombe. Mtaji na ng'ombe ni neno moja. "Hao wazungu waliishi Shinyanga?" ndo alivyouliza.

Desemba, kabla ya Krismasi

Zimelaminetiwa zote isipokuwa mbili. VIKTORIA nimeikamilisha jana: vincere ni kushinda, victory, convince, convict, evict, invincible. Speke alifika kusini mwa ziwa, huku huku Mwanza, 1858 akalipa jina la malkia wake, kwaiyo ziwa tunalooshea vyombo lina jina la Kilatini maana yake ushindi, juu ya neno nyanza ambalo lenyewe lilikuwa linatosha. Na dagaa wetu kwenye vitabu vya sayansi anaitwa Rastrineobola argentea, argentea ni ya fedha, ya kung'aa kama fedha, ndo Ag ya kemia, ndo Argentina ya Messi. Hiyo Messi imefanya kazi kubwa kuliko mimi.

Iliyobaki ni dicere, kusema: dictionary, dictation, predict, contradict, verdict. Nilitaka kuifunga hapo lakini wameng'ang'ania addict iingie kwa sababu ya historia yake. Kwa sheria ya Kirumi mdaiwa aliyeshindwa kulipa, hakimu alikuwa anatamka tu na yule mtu anakabidhiwa kwa anayemdai, anakuwa addictus, aliyetamkiwa. Kijana wa bodaboda anayepaki hapo nje alikuwa anasikiliza toka dirishani, akasema hiyo ni kausha damu, ile mikopo ya riba ya kunyonya, hata kwetu ipo. Basi imeingia, na KAUSHA DAMU nimeiandika juu kabisa kwa herufi kubwa, maana sheria ya ukutani inasema karata inaanza na neno walilonalo mdomoni.